Kuanzia Mkobani: Namna ya Kuandaa Pikipiki na Vifaa vya Tarishi wa Jeshi la Akiba la Uingereza

Mtu anayepata pikipiki ya kijeshi ya Vita vya Pili vya Dunia aina ya BSA M20, iwe ameinunua mnadani, amerithi kwa mkwewe au ameikuta bandani chini ya magunia, kwa kawaida huanza kazi kwa kufungua injini. Mwongozo huu unashauri uanze na mkoba wa barua, kisha mavazi ya mtu aliyeuvaa, na injini ije baadaye. Pikipiki hii ilinunuliwa na jeshi ili karatasi iliyoandikwa na ofisa mmoja ifike mkononi mwa ofisa mwingine, mara nyingi usiku, wakati waya wa simu umekatika au redio imezuiwa kwa kuhofia masikio ya adui. Kila kilichofungwa juu yake kilipangwa ili mtu mmoja, amechoka, glavu nzito mikononi, akifikie bila kukitazama. Fundi anayeanza na injini hupata chombo kinachonguruma vizuri, lakini akija kufunga mikoba na mikanda hugundua kwamba nusu ya vitu viko mahali pasipofaa, na rangi aliyoilipia fedha nyingi inabidi itobolewe upya. Nayasema haya kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi kwenye pikipiki yangu ya kwanza.

Tarishi anayezungumziwa hapa ni wa Territorial Army, jeshi la akiba la Uingereza, lililoundwa mwaka 1908 kwa jina la Territorial Force na kubadilishwa jina baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari wake walikuwa makarani, mafundi, wauza duka na wanafunzi waliofanya mazoezi jioni na mwisho wa wiki, na mara moja kwa mwaka wakaenda kambini. Mwezi Machi 1939 serikali ilitangaza kwamba jeshi hilo litaongezwa mara mbili, na mwanzoni mwa Septemba mwaka huo huo likaitwa lote kazini. Matarishi wengi walikuwa katika vikosi vya mawasiliano vya Royal Signals, ingawa vikosi vya mizinga, vya askari wa miguu na vya uchukuzi navyo vilikuwa na wa kwao. Wenzao waliwaita "Don R", kwa kuwa katika alfabeti ya kutamka waliyoitumia Waingereza siku zile herufi D ilisomwa "Don". Sisi neno letu tunalo tangu zamani, tarishi, yule yule wa ofisini anayezunguka na mafaili kwapani, na ndilo nitakalolitumia.

Kuna jambo moja la jeshi la akiba la kushika tangu mwanzo, kwa sababu litaongoza sehemu kubwa ya kazi ya injini huko mbele. Pikipiki ya askari wa kudumu huchakaa kwa kutumika, lakini ya askari wa akiba huharibika kwa kusimama. Ilikaa kwenye ukumbi wa mazoezi kuanzia Jumapili jioni hadi mkutano unaofuata, pengine wiki mbili, kisha ikatakiwa iwake kwa kiki chache mbele ya sajini asiye na subira. Yako nayo, isipokuwa kama una bahati ya kuiendesha kila siku, itaishi maisha hayo hayo.

Chagua mwaka kabla ya kununua chochote

Makosa mengi yanayoonekana kwenye maonyesho ya magari ya kijeshi ni makosa ya tarehe. Kila kitu kimoja kimoja ni cha kweli, ila havikuwahi kukutana juu ya mtu mmoja. Mwaka ndio unaoamua rangi ya tanki, kofia, vishikio vya usukani na hata mahali pa kuwekea mguu, kwa hiyo uamue kwanza, uandike kwenye karatasi, uibandike ukutani karakana.

Kofia ndiyo inayowaumbua wengi. Mwaka 1939 tarishi wa Uingereza hakuwa na kofia ngumu ya pikipiki. Alivaa kofia ya chuma ya kawaida kama ya askari wa miguu, au ya kitambaa tu. Mabadiliko yalitokana na kifo cha mtu mashuhuri. Mwezi Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki, alianguka na pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake Dorset, akafa siku sita baadaye bila kupata fahamu. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye baada ya hapo alianza kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki. Makala yake ya mwaka 1941 ilionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, watu 2,279 waliokuwa juu ya pikipiki, waendeshaji pamoja na abiria wao, walikufa barabarani nchini Uingereza, wengi wao katika giza la taa zilizozimwa kwa kuogopa ndege. Na kwamba wachache aliowakuta wamevaa kofia ngumu walipona wote. Mwezi Novemba mwaka huo jeshi likaamuru kila anayeendesha pikipiki kazini avae kofia hiyo. Za kwanza zilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa, kisha zikaja za bakuli la chuma lisilo na ukingo, lenye ngozi inayofunika masikio na kisogo. Basi ukimvalisha tarishi wa Septemba 1939 bakuli hilo la chuma, umemtanguliza zaidi ya miaka miwili.

Mpira nao una tarehe yake. Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, Uingereza ilipoteza chanzo kikubwa cha mpira, na viwanda vikaanza kutoa pikipiki zenye vishikio vya turubai badala ya mpira na vikanyagio vya chuma kitupu. Watu huvikuta vishikio vya namna hiyo wakadhani ni ubunifu wa fundi wa mtaani, wakavitupa. Usivitupe.

Rangi ilibadilika angalau mara tatu: kijani cha khaki mwanzoni mwa vita, kahawia kuanzia karibu na 1942, na kijani cha zeituni mwaka 1944. Ukikwaruza taratibu kwa wembe mahali pasipoonekana, chini ya kiti au ndani ya kisanduku cha spana, mara nyingi utazikuta zimelaliana kama matabaka ya ukuta wa nyumba ya zamani, na pengine ile ya kiwanda chini kabisa. Piga picha ya kidonda hicho kabla hujapiga msasa, maana ukishapiga msasa ushahidi umekwisha.

Kama huna sababu ya kuchagua mwaka mwingine, nakushauri uchague 1942. Kisheria jeshi lilikuwa limekwisha kuwa moja, lakini waliojiandikisha katika jeshi la akiba kabla ya vita walikuwa bado wanatumikia, na mwaka huo unakuruhusu kofia ngumu, vishikio vya turubai na mikoba ya pembeni bila mjuzi yeyote kukunyooshea kidole.

Mkoba na mavazi

Mkoba wenyewe ni wa ngozi au turubai, una kifuniko kinachofungwa kwa bakoli, yaani kifungo cha chuma cha ukanda, na ukanda wake hupita begani ukakata kifua. Uuvae upande gani? Panda pikipiki upate jibu. Kiki ya M20 iko kulia, na ili kuipiga lazima usimame na kuuzungusha mguu wa kulia kwa nguvu kutoka juu mpaka chini. Mkoba unaoning'inia kulia utaingia kati ya paja na kiki, nawe utapoteza ama teke ama bakoli. Uvae kushoto, ufupishe ukanda mpaka mkoba ulale juu kidogo ya nyonga, halafu uusukume nyuma kidogo ili kiwiko kisiugonge unapobana klachi. Baada ya hapo vaa glavu na ufungue bakoli huku ukitazama mbele. Ikikushinda, ngozi bado ni ngumu: ipake mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa siku kadhaa, usiizamishe, maana ngozi ya miaka 80 iliyoloweshwa mafuta hulegea na kukatika kwenye matundu.

Mavazi yanafuata mantiki hiyo hiyo. Suruali ni ya mtindo wa kupandia farasi, pana mapajani na ya kubana chini ya goti, ili upepo usiipeperushe na kitambaa kisinaswe. Buti ni ndefu. Koti ni la kitambaa chenye mpira, refu, na pindo zake hufungwa kwa vifungo kuzunguka kila mguu. Hapo ndipo wasiojua hulifunga mbele kama koti la kawaida kisha wakashindwa kupanua miguu. Chini yake huvaliwa kizibao cha ngozi siku za baridi. Glavu ni ndefu, zinafunika mkono hadi karibu na kiwiko, na miwani ya vumbi hukaa juu ya kofia mpaka safari ianze. Mwishoni kuna ukanda wa kitambaa unaovaliwa mkononi, nusu ya juu nyeupe na nusu ya chini buluu, rangi za mawasiliano, uliomtambulisha mvaaji kuwa yuko kwenye kazi ya ujumbe. Waonyeshaji wengi huuvaa chini juu. Nyeupe ni juu.

Ramani ya tarishi wa ndani ya Uingereza ilikuwa ya kipimo cha inchi moja kwa maili, yaani 1:63,360, na ina maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha. Mwaka 1940, kwa hofu ya uvamizi wa Wajerumani, vibao vya njiani vilivyoonyesha majina ya miji viling'olewa karibu nchi nzima. Tarishi aliyetoka mji mwingine alibaki na ramani, kumbukumbu na mnara wa kanisa. Ikunje ramani yako ili kipande cha safari ya siku hiyo tu ndicho kinachoonekana, na njia uichore kwa penseli, si kalamu, kwa kuwa penseli haivuji mvua ikinyesha.

Bastola uiache. Sheria za silaha za Uingereza ni kali, na mfuko mtupu wa bastola uliofungwa vizuri hautakuletea askari polisi mlangoni.

Pikipiki yenyewe: kilichofungwa na kilichoondolewa

M20 ina injini ya silinda moja ya 496 cc, valvu zikiwa ubavuni mwa silinda, mgandamizo wake ni chini ya 5 kwa 1, na nguvu yake haizidi sana farasi 13. Kwa macho ya leo huo ni uvivu mtupu, lakini mgandamizo mdogo ndio ulioiwezesha kunywa petroli hafifu ya wakati wa vita bila kugonga. Zilitengenezwa takriban 126,000, na hiyo ndiyo sababu vipuri bado vinapatikana. Wenzake walikuwa Norton 16H, yenye injini ya aina hiyo hiyo, na Matchless G3/L ya 347 cc, nyepesi na yenye shokamzoba za mbele za teleskopu, ambayo matarishi wengi waliipenda kuliko zote. Nimeichagua M20 kwa sababu ndiyo utakayoipata.

Ina uzito wa kilo 170 hivi, yaani inaizidi bodaboda ya kawaida ya 125 cc kwa makumi ya kilo, na nyuma haina shokamzoba kabisa: fremu ni ngumu, na mgongo wako unategemea springi mbili za kiti. Mbele kuna uma wa vyuma wenye springi moja katikati. Beringi, bushi na pini za uma huo zikague kabla ya kitu kingine chochote cha fremu. Inua gurudumu la mbele, shika ncha za uma kwa mikono miwili, vuta na kusukuma. Ukisikia "tok" ndogo, bushi zimekwisha.

Sasa funga vitu kwa mpangilio wa mkono wa tarishi. Nyuma, mahali pa abiria, ni keria ya chuma. Pembeni mwa gurudumu la nyuma huning'inia mikoba miwili ya turubai juu ya fremu zake, mmoja kwa vitu vya mtu, mwingine kwa vitu vya pikipiki: plagi ya akiba iliyofungwa kwenye kitambaa cha mafuta, kiungo cha cheni, viraka na gundi, waya, na spana ambazo hazikuenea kisandukuni. Pampu ya upepo hubanwa kwenye fremu. Mikoba yote miwili ipimwe uzito na kusawazishwa, maana kwenye matope ya njia za mashambani pikipiki yenye fremu ngumu inayolemea upande mmoja humwangusha mtu kwenye kona bila kumwonya.

Taa ya mbele hufunikwa kwa kizuizi chenye mwanya mwembamba, na nyuma ya madigadi hupakwa rangi nyeupe ili dereva wa lori linalofuata aone kitu. Jaribu usiku mmoja kusimama mita kumi mbele ya taa hiyo. Mwanga unaotoka unatosha kuonyesha kwamba kuna kitu kinakuja, lakini haumwonyeshi mwendeshaji shimo. Zile namba za Cairns utazielewa hapo.

Namba ya jeshi iliyoandikwa kwenye tanki huanza na herufi C, ishara ya pikipiki, ikifuatiwa na tarakimu. Kama unaigiza kikosi cha mawasiliano, weka pia mraba wa nyeupe juu na buluu chini. Namba ya fremu na ya injini huenda zisilingane, na muuzaji akikupunguzia bei kwa ajili hiyo, pokea kwa furaha: karakana za jeshi zilifungua pikipiki kwa makundi na kuzifunga upya na injini iliyokuwa karibu, kwa hiyo kutolingana mara nyingi ni ushahidi wa utumishi.

Injini iliyosimama

Hapa ndipo penye kazi. Anza na oili kabla hujafikiria petroli. Oili ya M20 haikai chini ya injini kama kwenye bodaboda. Hukaa kwenye tanki lake, pampu huipeleka kwenye injini na kuirudisha. Kati ya tanki na injini kuna valvu ndogo ya gololi inayotakiwa kuizuia oili isiteremke wakati injini imezimwa. Gololi hiyo ikichakaa, au uchafu kidogo tu ukikaa chini yake, oili hushuka tone kwa tone usiku na mchana, na baada ya wiki mbili tatu tanki liko nusu na tumbo la injini limejaa. Anayepiga kiki wakati huo hupata moshi mweupe wa kufunika mtaa. Mara ya kwanza iliponipata, jirani alitoka na ndoo ya maji, na ilinichukua dakika nzima kumshawishi asiimwage.

Tiba ni hii. Pima oili tankini. Ikiwa imepungua na hakuna dimbwi sakafuni, iko tumboni: weka beseni chini, fungua nati za bamba la chini lenye chujio, iache imwagike, osha chujio, rudisha bamba na gasketi mpya. Kisha shughulikia gololi na kikalio chake. Wapo wanaoweka bomba la kufunga kwa mkono kwenye njia ya oili na kusema wamemaliza tatizo. Mimi siliweki. Siku utakayosahau kulifungua, injini itakauka na kushika ndani ya kilomita chache, na hakuna mtu ambaye hasahau. Ni heri kumwaga oili kila baada ya mwezi.

Baada ya oili ni cheche. M20 hutumia magineto, inayojizalishia umeme wa plagi kila injini inapozunguka, bila kuhitaji betri, na kwa pikipiki ya jeshi la akiba huo ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mwingine wowote: betri ya volti 6 ikifa kwa kusimama, taa zitakosa nguvu lakini ujumbe utafika. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia ya waya wake, ilaze juu ya silinda ili chuma kiguse chuma, piga kiki uone. Cheche iwe ya buluu na yenye mlio. Ikiwa hafifu, safisha platini na urekebishe pengo lake liwe inchi 0.012, yaani milimita 0.3. Kuna ugonjwa mmoja wa magineto za zamani unaowapotezea watu siku nyingi: injini huwaka vizuri asubuhi, hukimbia nusu saa, kisha huzima na kukataa mpaka ipoe. Watu hubadilisha plagi, husafisha kabureta, hulaumu petroli. Mara nyingi ni kapasita iliyo ndani ya magineto, ambayo imezeeka na haistahimili joto. Mpelekee fundi anayejua kuzisuka upya, na umwambie abadilishe kapasita hata kama leo inafanya kazi.

Petroli ya leo ni adui wa pikipiki inayosimama. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini Uingereza ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hufyonza unyevu wa hewa, hulainisha mabomba ya mpira ya zamani na kuacha utando mweupe ndani ya kabureta. Badilisha mabomba yote kwa yale yanayostahimili ethanoli, na kabla ya kuiegesha kwa zaidi ya wiki mbili funga bomba la tanki, uiache injini imalize petroli iliyo kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Hilo la mwisho ni la dakika moja, na linaokoa kazi ya siku nzima.

Tahadhari moja isiyojadiliwa: viatu vya breki na klachi vya enzi zile vinaweza kuwa na asbesto. Usipulizie vumbi lake kwa hewa wala mdomo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, fungia kitambaa kwenye mfuko, na vaa barakoa inayofaa.

Kupiga kiki

Anayetoka kwenye pikipiki za siku hizi hujifunza kwa goti. Fungua petroli. Bonyeza kile kipini kidogo juu ya chemba ya kabureta mpaka petroli ianze kutoka jasho, kisha acha. Sogeza kishikio cha wakati wa cheche, kilicho kushoto kwenye usukani, mpaka cheche ichelewe. Ukiisahau hatua hii injini inaweza kurudisha teke, na teke la 496 cc ni la punda. Funga hewa kwa kishikio cha kulia kama injini ni baridi. Sasa shusha kiki polepole mpaka ikatae, hapo pistoni imefika kwenye mgandamizo. Bana kile kishikio kidogo kinachonyanyua valvu ya moshi, ipitishe kidogo, achia, rudisha kiki juu. Ndipo upige, teke moja refu la uzito wa mwili wote, bila hasira. Ikiwaka, wahisha cheche na fungua hewa kidogo kidogo kadiri inavyopata joto. Kile kishikio cha valvu ndicho pia utakachoizimia.

Kabla hujaondoka fungua kifuniko cha tanki la oili na uchungulie: oili inayorudi iwe inaruka kwa mapigo kutoka kwenye bomba dogo. Isiporuka ndani ya dakika moja, zima.

Barabarani ukumbuke kwamba gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume kabisa na bodaboda. Kwa mtu aliyeendesha Boxer miaka kumi, mguu utasahau mara ya kwanza atakapostushwa, na badala ya breki atabadilisha gia. Zunguka kwenye uwanja mtupu saa kadhaa mpaka mguu uzoee. Pikipiki yenyewe inajitahidi kufika kilomita 95 kwa saa, na breki zake za ngoma ndogo hazikubaliani na mwendo huo. 65 ni mwendo wa heshima. Kofia ya 1942 ivae pikipiki ikiwa imesimama tu. Barabarani sheria inataka kofia ya kisasa iliyothibitishwa, na Cairns mwenyewe asingetaka tofauti. Kwa Uingereza, chombo cha zaidi ya miaka 40 ambacho hakijabadilishwa sana hakilazimiki kupimwa kila mwaka wala kulipiwa kodi ya barabara, lakini bado lazima kisajiliwe, kiwe na bima na kiwe salama.

Ukitaka kulinganisha kazi yako na vitu halisi, jumba la makumbusho la Royal Signals lililo ndani ya kambi ya Blandford, Dorset, linafaa safari ya siku moja. Nenda na daftari uchore mikanda inavyopita, kwa kuwa picha za mtandaoni karibu zote hupigwa kutoka upande wa kulia, na mambo mengi ya tarishi yako kushoto.

Jaribio la mwisho lifanye jioni, jua likiwa limekwisha zama, pamoja na rafiki anayekungoja kilomita kumi na tano hivi mbali. Vaa kila kitu isipokuwa hiyo kofia ya kale. Tia bahasha mkobani, tazama ramani mara moja, iweke, uende kwa kumbukumbu. Ukifika usizime injini. Fungua mkoba bila kuvua glavu, mpe bahasha, umpe na penseli. Atie saini na saa juu ya bahasha yenyewe, atoe karatasi iliyo ndani, akurudishie bahasha tupu, maana hiyo ndiyo risiti yako. Saa aiandike yeye.